Mkiandika historia ya chama cha mafundi wa hospitali, anzieni karakana

Chama chetu cha mafundi wa hospitali huku kanda ya magharibi, yaani Kigoma, Tabora na Katavi, kilinipa kazi ya kuandika historia yake. Nadhani nilichaguliwa kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Tangu hapo wenzangu wa kanda nyingine hunipigia simu kuuliza waanzie wapi, basi bora niandike mara moja, yaishe.

Msianzie kwenye orodha ya wenyeviti. Najua ndiko kila kamati inakokimbilia, lakini huo ni ukurasa wa ugomvi: huyu alikaimu tu, yule alichaguliwa na kikao kisichotimiza akidi. Uwekeni mwisho. Anzieni karakana, kwenye madaftari ya kazi na kadi za mashine. Humo ndimo mtakapoona kwa nini watu walihitaji chama. Mashine ya oksijeni imezimika Kibondo, kipuri kiko Tabora, fundi anayeijua yuko Mpanda, na hakuna anayejua mwenzake ana nini. Sisi tulianza kuazimana vipuri muda mrefu kabla ya kuwa na katiba, na jambo hilo halimo katika muhtasari wa kikao chochote.

Kisha wafuateni wastaafu, ila msiwaulize miaka. Nilimwendea mzee mmoja Ujiji. Baada ya shikamoo na kahawa nikamuuliza chama kilianza lini. Akasema, "Mwanangu, mambo ya lini waulize makatibu." Nikamuuliza ni mashine gani iliyomtesa. Hapo akajiweka sawa mkekani. Ilikuwa otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu kwenye vifaa, ya kuwekwa juu ya jiko la mafuta ya taa, mpira wa mfuniko umekakamaa, mvuke unatoka pembeni. Ili vifaa vitakasike, mvuke wa ndani lazima ufike nyuzi 121 na ukae hapo angalau dakika 15. Mfuniko ukivuja, mtachoma mafuta mpaka magharibi na vifaa bado si salama. Mpira mpya alitumiwa na fundi mwenzake wa Tabora, umeviringishwa kwenye gazeti, ukaja kwa mkono wa mfanyakazi wa treni. Mwaka gani? "Mwaka ule Wakongo walipovuka ziwa." Basi ni 1996, vita vilipoanza ng'ambo na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa kule Kasulu. Kwa mzee yule, chama kilianza na mpira ule, na mimi niliandika hivyo hivyo.

Karatasi nyingi mtakazopewa hazina tarehe. Tazameni mhuri na anwani. Barua inayosema "Mpanda, Mkoa wa Rukwa" kwa kawaida ni ya kabla ya 2012, maana mwaka huo ndipo Katavi ilipokuwa mkoa (ingawa wapo makatibu wanaomaliza kwanza karatasi za zamani). Inayoitaja Buhigwe, Uvinza au Kakonko kama wilaya haiwezi kuwa ya miaka ya tisini. Kilio cha dizeli nacho ni alama: Kigoma ilikaa miaka mingi nje ya gridi ya taifa, ikiishi kwa majenereta, na mafaili ya huku yamejaa habari za mafuta.

Usiishie hospitali za serikali kama Maweni na Kitete. Nenda za misheni pia: Heri, Kabanga, Nkinga, Ndala. Unapofika, kapige hodi kwa mganga mfawidhi kwanza, ueleze unachotafuta, ndipo ushuke masijala.

Mwaka wa kuanzishwa utawagombanisha. Wengine watashika siku ya kikao cha kwanza, wengine tarehe iliyo kwenye cheti cha Msajili wa Jumuiya. Andikeni yote mawili, msonge mbele.

Mkitaka kujilinganisha, angalieni kwa nje kidogo. Waingereza waliunda taasisi yao ya wahandisi wa hospitali mwaka 1943, vita bado vinapiganwa, miaka mitano kabla ya huduma yao ya taifa ya afya kuanza. Marekani, ASHE, chama cha wahandisi wa hospitali, ilianzishwa 1962 ndani ya American Hospital Association, chama cha hospitali zenyewe. Shirikisho la kimataifa la uhandisi wa hospitali, IFHE, lilifuata 1970. Hilo la Marekani ndilo lililonifanya niulize swali ambalo sasa namwambia kila mtu aulize: chama chenu kililelewa na nani? Aliyelipa nauli za vikao ndiye mara nyingi aliyepanga ajenda, na malalamiko dhidi yake hamtayakuta kwenye muhtasari.

Msiwaache nje mafundi bomba na watu wa jenereta. Wengi hawakuwa na cheti wala kadi ya uanachama, kwa hiyo rejista haiwajui, lakini wodi ya wazazi isiyo na maji inawajua vizuri sana.

Karatasi ya mtu ipigeni picha hapo hapo, mbele na nyuma, mumrudishie siku ile ile. Mkiondoka nayo, ya pili hamtaletewa. Nakala wekeni Kigoma, Tabora na Mpanda, kwa sababu mchwa hawana haraka. Rasimu isomeni kwa sauti mbele ya wastaafu kabla ya kuchapa. Macho ya wengi hayaruhusu tena herufi ndogo, lakini mkikosea jina la mashine watawakatiza papo hapo.