Ruba hospitalini: je, ni tiba ya kweli?

SWALI: Nimesoma kwamba hospitali za Ulaya na Marekani huweka ruba juu ya kidole kilichokatika na kushonwa upya. Je, ni kweli? Na ruba wa kwenye majaruba yetu ya mpunga wanaweza kupunguza uvimbe wa mguu wa mama yangu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Kidole kikishonwa, ateri, yaani mshipa unaoleta damu, huunganishwa kwa urahisi zaidi kwa kuwa ukuta wake ni mnene, ilhali vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, ni laini na mara nyingi hazishoneki, au zikishonwa huziba. Damu huingia ikakosa pa kutokea, kidole kikavimba, kikageuka rangi ya zambarau, na kisiposaidiwa hufa. Hapo ndipo ruba huwekwa. Hung'ata kwa taya zake 3, hunyonya mililita 5 hadi 15, kisha hujiachia mwenyewe akiwa ameshiba. Faida kubwa, hata hivyo, huja baada ya hapo, kwa sababu mate yake yana hirudini, kemikali inayozuia damu kuganda, na kidonda kile kidogo huendelea kuvuja kwa saa nyingi, hivyo kukipumzisha kidole kwa siku kadhaa hadi vena mpya ziote. Mwaka 1985, daktari Joseph Upton wa Boston aliokoa kwa njia hii sikio la mtoto lililokuwa limeshonwa upya, na mwaka 2004 Marekani iliruhusu rasmi ruba kuuzwa kama kifaa tiba.

Kuhusu mguu wa mama, nakusihi usijaribu. Ruba wa hospitali hufugwa mahali safi, hutumika kwa mgonjwa mmoja tu kisha huuawa, na hata hivyo mgonjwa hupewa antibiotiki, maana ndani ya utumbo wa ruba huishi bakteria aina ya Aeromonas, wanaoweza kuozesha kidonda. Wingi wa damu ya mgonjwa nao hupimwa mara kwa mara, kwani wagonjwa wengine hulazimika kuongezewa. Isitoshe, uvimbe wa mguu huweza kutokana na moyo, figo, matende au damu iliyoganda ndani ya vena, na hakuna ruba atakayekueleza ni upi kati ya hayo. Mpeleke mama akapimwe, hasa ikiwa ni mguu mmoja uliovimba ghafla.

Nawe ukinaswa na ruba jarubani, usimmwagie chumvi wala kumchoma moto, kwani huweza kutapika ndani ya kidonda. Mbandue taratibu kwa ukucha kuanzia upande wa mdomo, kisha osha kwa maji na sabuni.