Bashrafu: mnapiga bila kuimba, mna maana gani?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nilikuja Unguja kwenye harusi ya binamu yangu, usiku mmoja tukaenda kusikiliza taarabu. Wapigaji walipiga karibu dakika 10 bila mtu kuimba. Jirani yangu akasema hiyo ni bashrafu. Muziki usio na maneno unasema nini? Au mlikuwa mnamsubiri mwimbaji?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hatukuwa tukimsubiri mtu. Mwimbaji alikuwapo, naye anasikiliza kama wewe. Wimbo wa kwanza ukiwa wa maqamu ile ile, yaani mpangilio ule ule wa sauti, anaingia bila kupapasa, sauti imeshamkaa masikioni.

Jina lenyewe asili yake ni Kifarsi: kinachotangulia. Waturuki waliipiga Istanbul, Wamisri wakaipokea, na sisi imetufikia kwa njia ya Cairo. Wazee husimulia kuwa Sultan Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim huko Cairo akajifunze ganuni, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kikaundwa 1905. Baadaye wapigaji wa hapa wakatunga bashrafu zao.

Sasa sikiliza ilivyojengwa. Kwa kawaida ina sehemu nne, kila moja tunaiita hana, na kila hana ikiisha tunarudi kwenye kipande kile kile, taslimu. Hana inakutoa nyumbani, pengine inakupitisha maqamu nyingine kabisa, taslimu inakurudisha. Mwalimu wangu alinipigisha taslimu peke yake mwezi mzima, jioni kwa jioni, pete mbili za kupigia nyuzi zikinibana vidole vya shahada. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti. Kuzilinganisha tu kulinitoa jasho. Nilimlalamikia moyoni. Siku aliponifungulia hana ya kwanza, nikarudi kwenye taslimu, machozi yalinilenga, na hapakuwa na neno hata moja la kuniliza.

Mwimbaji akianza, watu huinuka kwenda kutunza, vigelegele juu. Kwenye bashrafu haendi mtu mbele. Fidla nne zitoke kama moja, na asiyefanya mazoezi anasikika mpaka mlangoni. Inaniuma kwamba tangu taarabu ya kisasa ya vinanda vya umeme ishike miaka ya 1990, shughuli nyingi zinaanza moja kwa moja na wimbo.

Ukija tena, fika kabla hatujaanza, ukae upande wa ganuni.