Mleta uzi, kabla hujachimba shimo hata moja: huo mche ni wa nani?

Ahirisha. Hiyo tarehe uliyokwisha kuitangaza, ahirisha kwanza, halafu tuongee.

Kwa wanaoingia sasa: mkuu anasema tangu asikie kwamba 2024 ndio mwaka wa kwanza joto la dunia kuvuka nyuzi 1.5 juu ya wastani wa kabla ya zama za viwanda, usingizi umekata. Akaona kulalamika hakusaidii, akakusanya vijana, akapata taasisi ya kumpa miche 5,000 ya bure, eneo la wazi limeshapatikana na mgeni rasmi keshakubali. Anauliza siku yenyewe aipangeje, kikundi kisajiliwe au kibaki hivyo hivyo, wafadhili zaidi wanapatikanaje, na mtu anabakije na matumaini wakati kila taarifa inakuja na kilio. Wachangiaji wa juu wote wamempigia makofi. Mimi sina makofi. Mimi nilishapewa hiyo miche ya bure.

Si hiyo hiyo, lakini ndugu zake. Alikuja bwana mmoja wa taasisi fulani, jina naliacha, akatukuta vijana tuna moto, tunataka kuokoa dunia kufikia Ijumaa. Akatuambia maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasaga meno: "Ninyi pandeni tu, asili itamalizia." Kweli asili ilimalizia. Ilimaliza yote.

Sasa sikiliza tulivyofanya, uone kama hujioni humo. Tarehe ilichaguliwa na bajeti, siyo na mvua. Fungu lao lilikuwa linafungwa, kwa hiyo miche ilibidi iingie ardhini kabla ya hapo, na mvua wakati huo zilikuwa zinaelekea ukingoni. Mche unataka msimu mzima wa mvua mbele yake ili mizizi ishuke chini kabla kiangazi hakijakaza. Sisi tuliupa masalia. Halafu miche yenyewe ilitoka kitaluni mirefu, laini, ya kijani cha kuvutia macho, imezoea kivuli na maji asubuhi na jioni. Mtu wa kitalu anayeijua kazi yake huikomaza kwanza: wiki chache kabla ya kupandwa anapunguza maji, anaondoa kivuli kidogo kidogo, ilijue jua. Yetu haikukomazwa. Ilitoka kivulini ikaingia kwenye jua la saa saba ikiwa imeshikwa na mheshimiwa.

Na mheshimiwa alichelewa. Ratiba ikabana, mashimo yakachimbwa ya kina cha kiganja, yule bwana akawa anapita katikati yetu na kipaza sauti, "spidi vijana, spidi!" Tukapanda kwa spidi. Picha ninazo nyingi na ni nzuri sana. Msiniombe za siku nyingine yoyote.

Kiangazi kilipochanganya nikarudi peke yangu kuangalia. Eneo lote vijiti. Nikainama, nikashika kimoja, nikakivuta kidogo tu kujaribu, kikaja chote pamoja na kiriba chake. Kiriba cheusi cha plastiki, kimekaa ardhini vile vile kilivyoshuka kwenye lori, hakuna aliyekichana. Nikakipasua kwa ukucha. Ndani mizizi imejizungusha, duara juu ya duara, inatafuta pa kutokea. Nikavuta mwingine, naye na kiriba chake. Uliofuata haukuwa na kiriba, ila shimo lilikuwa fupi hata mizizi ya juu iko nje inapigwa jua. Hapo nikaacha kuvuta, maana nilianza kuona aibu kama kuna mtu ananitazama.

Na kweli alikuwepo. Mzee mmoja na mbuzi wake. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba, akanikagua juu hadi chini. "Wewe si ndiye mwenye miti?" Nikasema ndiyo mzee wangu, ni sisi. Akasema, "Basi mje muichukue, mwanangu. Mimi hapa nachunga tangu hujazaliwa." Nyuma yake mbuzi walikuwa wanamalizia kitu cha mwisho kilichobaki na jani.

Hakuna kati yetu aliyewahi kumuuliza yule mzee chochote. Tulikuwa na barua ya ruhusa, muhuri upo, saini ipo, tukaona inatosha. Lile "eneo la wazi" lilikuwa malisho ya watu na njia yao ya mkato. Na wewe umeandika hivyo hivyo, "eneo la wazi limeshapatikana". Mkuu, hakuna eneo la wazi. Likionekana halina mtu, ujue hujauliza. Tena si kila pasipo miti pana upungufu wa miti: nyika ya majani nayo ina kazi yake, inahifadhi kaboni udongoni, inalisha mifugo na wanyama, na kuijaza miti ya aina moja inaweza kuwa hasara tupu. Hilo nalo yule bwana wa kipaza sauti hakulisema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na yeye kwake alikuwa mbali sana na kile kitanda.

Nilimpigia simu. Mchangamfu kabisa! Akaniambia nisihangaike, ripoti ilishapita, kwa sababu ripoti inahesabu miche iliyopandwa. Nikamuuliza, na iliyopona je? Akacheka. "Hiyo haina kisanduku kwenye fomu." Yaani karatasi nzima, rangi, nembo, saini tatu, na hakuna mahali pa kuandika mti ulio hai. Kama taasisi yako inayo hiyo fomu, iombe leo uisome. Ukikuta hakuna hicho kisanduku, warudishie lori lao.

Na msidhani ni sisi washamba peke yetu. Novemba 11, 2019 Uturuki walipanda miche milioni 11 nchi nzima kwa siku moja, na mji wa Çorum ukavunja rekodi ya dunia kwa miche 303,150 ndani ya saa moja. Miezi michache baadaye chama cha wafanyakazi wa kilimo na misitu kikasema hadi asilimia 90 ya miche waliyoikagua ilikuwa imekufa: wakati mbaya, maji hakuna. Serikali ikakanusha, ikasema karibu yote mizima. Mimi sikuwepo, lakini naijua harufu.

Sasa ungedhani hasara yetu ni miche. Miche ilikuwa ya bure, nani analilia cha bure? Hasara ilikuja tuliporudi kwa watu wale wale na wazo ambalo safari hii lilikuwa zuri kweli, la kuzibua mfereji kabla ya mvua, kitu ambacho wenyewe walikuwa wanakilalamikia kila masika. Tukaitisha mkutano. Wakaja wa kuhesabika kwa vidole, na mmoja akauliza kama safari hii pia kuna fulana. Wengine wakacheka, na mimi nikacheka, nifanyeje? Mfereji ukaziba, maji yakaingia ndani ya nyumba za watu. Kijana aliyekuwa na moto kuliko sisi wote akajitoa kwenye kundi la wasapu bila kuaga. Imani ya watu tulikuwa nayo, tukaitumia yote kwa siku moja kwenye vijiti.

Ila kuna miti ilipona. Michache, nayo haikuwemo kwenye mpango. Siku ile tulipokuwa tunapakia mabaki, mama mmoja anayekaa karibu na bomba la maji aliuliza, "Hii iliyobaki ni ya nani?" Nikamjibu bila hata kumtazama, "Sijui mama, chukua tu." Akachukua. Akaipanda anapotaka yeye, nje ya mlango, kwa sababu jua la mchana lilikuwa linamwingilia ndani. Maji ya kusuuzia vyombo akawa anamwagia pale pale. Akaizungushia miiba, akatandika majani makavu chini kuzuia unyevu usipotee. Leo watu wanakaa pale kivulini kusubiri zamu ya maji, na hakuna bango wala jina la mheshimiwa.

Basi sheria yangu ni moja tu, na nitaisema mpaka nifungiwe: HAKUNA MCHE BILA MWENYEWE. Siyo "jamii itatunza". Siyo "vijana watapangiana zamu". Mtu mwenye jina, anayekaa hatua chache kutoka hapo, aliyechagua mwenyewe aina ya mti kwa sababu anataka kitu kutoka kwake, iwe kivuli, matunda, kuni au dawa. Ukiwa na watu 40 wa namna hiyo, una miche 40. Ile 4,960 rudisha.

Hili sijaligundua mimi, wakubwa walishalijua zamani na hatukuwauliza. Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti kule Kenya, mwaka 1977, akina mama walikuwa wanapewa malipo madogo kwa kila mche uliopona. Ulio-po-na. Siyo uliochimbiwa shimo. Mwaka 2004 akapewa Nobel ya Amani, na miti ya harakati ile inahesabiwa kwa makumi ya milioni.

Na kule Niger, hawakuanza hata na kitalu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tony Rinaudo, Mwaustralia aliyekuwa anahangaika kupanda miche ya kuletwa katika mkoa wa Maradi na kuiona inakufa, aligundua kwamba vichaka vilivyojaa mashambani ni visiki vya miti iliyokatwa, mizizi bado hai. Unachagua machipukizi machache yenye nguvu, unakata mengine, unapogolea matawi ya chini, unalinda. Tanzania wanaiita kisiki hai. Haihitaji lori wala kiriba, na mizizi ilishafika kwenye unyevu miaka mingi kabla yako. Niger leo inazungumziwa kwa hekta kama milioni 5 zilizorudisha miti kwa njia hiyo. Lakini angalia kilichoifanya ienee: kisheria miti ilikuwa inahesabiwa mali ya serikali, kwa hiyo mkulima hakuwa na sababu ya kuuacha ukue shambani kwake. Walipoanza kuachiwa waione ni yao, wakailinda. Mwenyewe, mkuu. Tunarudi pale pale.

Kwa hiyo kabla ya siku yako, zunguka na daftari. Usiende na hotuba ya mabadiliko ya tabianchi, utawachosha. Uliza tu hapa kinachokukera ni nini, na nyamaza. Watakwambia jua linawapiga watoto uwanjani, maji yanaingia ndani, kuni ziko mbali, kisima kinakauka mapema. Hiyo ndiyo tabianchi, kwa jina lake la nyumbani. Andika jina, anachotaka, na mahali. Huenda nusu ya majibu hayahusu miti kabisa. Huenda ukaishia kuzibua mfereji, na hapo utakuwa umefanya kazi kubwa kuliko miche yote. Na kama ni miti, sherehe ifanye mwisho wa kiangazi, siku ya kuhesabu iliyo hai. Mwalike mgeni rasmi siku hiyo. Wengi watapata udhuru, utaona.

Matumaini, eeh, uliuliza. Kwanza hiyo 1.5: lengo la Mkataba wa Paris wa 2015, ambamo nchi zilikubaliana kujitahidi joto lisivuke hapo, linapimwa kwa wastani wa miaka mingi, siyo mwaka mmoja. 2024 ni onyo kali na mstari tunausogelea, lakini haujahesabiwa kuwa umevukwa kwa mwaka mmoja kupita. Na hata ukivukwa, 1.6 ina mafuriko na ukame mdogo kuliko 1.7, kwa hiyo hakuna siku ambayo kazi inakwisha maana. La pili, jiambie ukweli mapema: miche yako 5,000, hata ikipona yote, haitasogeza kipimajoto cha dunia. Ukiipanda kwa ajili hiyo utavunjika moyo tu. Kitakachosogea ni joto la pale mlangoni kwa yule mama, na hilo unaweza kulihisi kwa ngozi.

Mimi ripoti za wanasayansi hazijawahi kunikatisha tamaa kama vile vijiti. Na kilichonirudisha kazini hakikuwa habari njema ya dunia. Ni kwamba siku moja nilipita pale bombani, yule mama akaniita, "Njoo mwanangu, umeacha mwingine? Jirani yangu anautaka." Alikuwa ananidai mche! Baada ya yote yale. Nikaenda kumtafutia, na huyo jirani akaleta jirani mwingine.

Kuhusu usajili na wafadhili, wapo humu wanaojua kuliko mimi, wakujibu. Nembo nayo nimeona umeambatisha, ni nzuri, ifiche kwanza. Wewe nijibu moja tu hapa chini: katika hiyo 5,000, mpaka leo una majina mangapi? Na yule anayechunga mifugo kwenye "eneo la wazi" lako anaitwa nani?