Weusi Haukuzuii Kuvaa Nyekundu: Namna ya Kuitambua Rangi Inayokupendeza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa dada mmoja wa Lindi, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alinunua kitenge cha rangi ya haradali kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Tangu alipokishona na kukivaa, kila anayekutana naye humuuliza kama ametoka kuugua. Aliniuliza kama tatizo ni weusi wake na kama itambidi arudi kwenye nguo za kijivu alizozizoea. Nilimjibu kwa kifupi kwamba weusi wake hauna kosa lolote, nikamwahidi kwamba nitaandika kwa urefu, kwa sababu swali hilo nimelisikia mara nyingi katika chumba changu cha kushonea hapa Mtwara, na kabla ya kulisikia kwa wateja niliishi nalo mwenyewe.

Nilikuwa binti mdogo shangazi yangu alipoolewa Mikindani. Fundi aliyepewa kazi ya kushona magauni ya wasindikizaji alitupanga mstari, akatutazama mmoja mmoja, kisha akaninyooshea kidole mbele ya wanawake waliojaa uani. "Huyu ni mweusi mno, nyekundu itammeza. Mkatieni ya kahawia." Wenzangu wote wakavaa nyekundu, mimi nikavaa kahawia, na picha ya pamoja ilipopigwa nikasimamishwa nyuma kwa kuwa nguo yangu haikufanana na za wengine. Siku hiyohiyo bibi yangu, ambaye alikuwa mweusi kunizidi, alikuwa amejifunga kisutu, ile kanga ya zamani yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo wanawake wa pwani wamewavisha maharusi wao kwa vizazi vingi, na uso wake uling'aa kuliko wa mtu yeyote pale uani. Hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nyekundu imemmeza. Mimi nililichukua neno la yule fundi kama hukumu, nikakua nikivaa kahawia, kijivu na rangi ya ugoro, na ninapoliandika leo bado linaniuma.

Miaka ya kujifunza cherehani nitaipita. Jambo lililonifungua macho lilikuja baadaye, nilipokuwa tayari na chumba changu, pale mteja mmoja aliyewahi kuishi Ulaya alipokuja na furushi la vipande vya vitambaa na chati ya rangi, akaniomba nimshonee nguo za rangi zilizomo humo tu. Aliniambia kwamba njia hiyo huitwa uchambuzi wa rangi kwa misimu. Nilimshonea nguo zake, lakini usiku nilibaki nikiisoma ile chati, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona mtu akizungumza juu ya rangi na ngozi kwa mpangilio, bila kumdhalilisha mtu.

Chimbuko lake liko mbali na kwetu. Johannes Itten, mchoraji wa Uswisi aliyefundisha katika chuo cha Bauhaus nchini Ujerumani kati ya mwaka 1919 na 1923, aliona kwamba wanafunzi wake walipoachiwa wachague rangi wenyewe, mara nyingi walichagua zinazowiana na ngozi na nywele zao. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1940, Suzanne Caygill aliendeleza wazo la kuwapangia watu rangi za mavazi kwa kuwagawa katika misimu minne ya mwaka, na kitabu cha Carole Jackson cha mwaka 1980 kikaieneza njia hiyo kwa watu wa kawaida. Baadaye wataalamu wengine waliugawa kila msimu mara tatu, hivyo leo utasikia watu wakitaja misimu 12. Kwa kazi yangu minne inatosha. Machipuko ni rangi zenye joto, angavu na nyepesi: embe bivu, kijani cha jani changa. Kiangazi ni rangi zenye ubaridi na ulaini, zilizofifia kidogo, mfano samawati na zambarau hafifu. Mapukutiko ni rangi zenye joto na uzito: haradali, kahawia ya udongo, kijani cha zeituni. Kipupwe ni rangi zenye ubaridi na ukali: nyeupe safi, nyeusi, bluu iliyokolea, damu ya mzee. Majina haya yametokana na majira ya nchi za kaskazini, kwa hiyo msomaji wa Mtwara asitafute uhusiano kati ya Kiangazi cha kwenye chati na jua letu la Oktoba.

Nyuma ya majina hayo kuna maswali matatu tu ya kuuliza juu ya rangi yoyote. Je, imeegemea unjano, ndiyo tunasema ina joto, au imeegemea bluu, ndiyo tunasema ina ubaridi? Je, ni nyepesi au imekolea? Je, ni kali au imefifia? Ngozi nayo huulizwa maswali hayohayo, na hapa ndipo watu wengi hupotoka, kwa sababu hutazama weusi na weupe peke yake. Rangi ya ngozi hutokana na melanini, ambayo ipo ya aina mbili, moja ya kahawia hadi nyeusi na nyingine ya wekundu na unjano, pamoja na damu inayopita chini ya ngozi. Watu wawili wanaweza kuwa weusi kwa kiwango kimoja, lakini mmoja ngozi yake ikawa na unjano na mwingine ikawa na wekundu ulioegemea bluu. Hata sisi tunaosema huyu ni maji ya kunde na yule ni mweusi tii tunataja kiasi cha weusi tu, na kiasi hicho hakitoshi kukuchagulia kitambaa.

Rangi mbili zinapokaa jirani, kila moja huibadilisha nyingine machoni mwa anayetazama. Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins jijini Paris, alipata malalamiko kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda hazina weusi wa kutosha. Alipochunguza aligundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro, bali rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozifanya zionekane dhaifu, na mwaka 1839 alichapisha kitabu kizima juu ya jambo hilo. Mimi niliposoma habari zake nilimkumbuka yule fundi wa Mikindani. Uso wangu ulikuwa ule ule. Kahawia ile ndiyo iliyoupausha.

Chati ya yule mteja haikunisaidia moja kwa moja, kwa kuwa sura zilizochorwa ndani yake karibu zote zilikuwa za Wazungu. Vitabu vya awali vya njia hii viliwaweka watu weusi karibu wote katika Kipupwe, kana kwamba bara zima lina ngozi moja. Nilikataa kuliamini hilo kabla ya kulijaribu, na wa kulijaribia alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ambaye ukituweka pamoja hutaweza kusema nani ni mweusi kuliko mwenzake. Tulikaa barazani asubuhi, bila poda wala wanja, tukiwa na mabaki ya vitambaa niliyoyaweka kwenye kapu. Nilipomwekea chini ya kidevu kipande cha zambarau iliyoiva, vivuli vya chini ya macho yake vilikolea, ngozi ya kuzunguka mdomo ikawa na rangi ya majivu, na jicho langu likawa linaenda kwenye kitambaa kwanza. Nilipokiondoa na kuweka haradali, vivuli vilipungua, mashavu yakawa sawasawa, na nilichokiona kwanza kilikuwa macho yake. Tukabadilishana nafasi. Kwangu mambo yalikuwa kinyume kabisa: haradali ilinifanya nionekane mgonjwa, na zambarau, damu ya mzee na nyekundu ya kisutu ziliniamsha. Wote wawili weusi, mama mmoja, yeye ni Mapukutiko na mimi ni Kipupwe. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Kwa hiyo, dada yangu wa Lindi, fanya tulivyofanya sisi. Kaa barazani asubuhi, kivulini, mbele ya ukuta mweupe ukiwezekana, uso ukiwa safi na nywele zimefunikwa kama umezipaka rangi. Usijipime chini ya taa, na kamwe usichague kitambaa chini ya turubai la kibanda cha sokoni, kwa maana turubai la bluu huimwagia ubaridi kila rangi iliyo chini yake, na kitenge ulichokipenda pale utakikuta ni kingine ukifika nyumbani. Mwombe muuzaji akuruhusu utoke nacho hatua mbili nje. Linganisha rangi mbilimbili: nyeupe safi na rangi ya maziwa, pinki na machungwa, bluu iliyokolea na kijani cha zeituni. Tazama uso, usitazame kitambaa. Kama uso unapauka na vivuli vinaongezeka, rangi hiyo si yako hata kama ni nzuri. Kama ngozi inatulia na macho yanaonekana kwanza, hiyo ni yako. Kile kipimo cha kutazama rangi ya mishipa ya mkononi, ambacho husambazwa sana kwenye simu, kwa ngozi nyeusi hakina msaada, kwa sababu mishipa haionekani vizuri. Rudia kupima siku nyingine, tena kivulini, tena uso ukiwa safi.

Kuna jambo ambalo chati za Ulaya hazilitaji, nalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Wanawake wengi wa Mtwara na Lindi huvaa mtandio au hijabu, na hicho ndicho kitambaa kinachougusa uso kutoka shavu hadi shavu. Gauni linaweza kuwa la rangi yoyote na baibui linaweza kubaki jeusi, lakini mtandio ukikosewa uso wote umekosewa. Ukiwa na fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu, badilisha mtandio. Kwa wanaume ni hivyohivyo: yupo anayependeza kwa kanzu nyeupe safi, na yupo ambaye kanzu ya rangi ya maziwa humkaa vizuri zaidi, na kofia huhesabiwa pia.

Dada yangu asikitupe kitenge chake. Haradali ikiwa chini ya kiuno haina nguvu juu ya uso. Fundi wake akifumua sehemu ya juu na kuweka kifua na kola ya rangi iliyompendeza katika kipimo, gauni litavalika. Mwezi uliopita nilifanya kazi inayofanana na hiyo kwa harusi iliyokaribia kuvunjika kwa ugomvi wa sare, upande wa bwana harusi ukitaka zambarau na upande wa bibi harusi ukishikilia haradali. Niliwatafutia kitenge cheusi chenye maua ya rangi zote mbili, nikawapima kina mama wote mmoja mmoja barazani kwangu, kisha kila mmoja nikamshonea kilemba cha rangi iliyoukubali uso wake bila kujali ametoka upande gani. Ukumbini walionekana familia moja, na mama wa bibi harusi aliomba kipaza sauti akanitaja kwa jina. Nimeshona kwa muda mrefu, na heshima ile ninaiweka juu ya malipo yoyote niliyowahi kupokea.

Lakini siwezi kuzungumza juu ya rangi nikaacha linalonikera zaidi. Wapo wasichana wanaokuja kwangu na kitambaa kizuri, wakajiweka kwenye kioo, wakasema watakirudia wakishaanza kutakata. Wanamaanisha mkorogo. Wanataka kuibadilisha ngozi ili ifuate nguo, ilhali nguo hubadilishwa kwa siku moja na ngozi iliyoharibiwa kwa zebaki na haidrokwinoni haishonwi upya na fundi yeyote. Vipodozi vyenye vitu hivyo vimepigwa marufuku nchini na bado vinauzwa kwa siri, na vinanunuliwa na mabinti walioambiwa tangu utotoni kwamba rangi nzuri si za kwao. Kina mama, shangazi na bibi wenzangu, maneno hayo yanatoka vinywani mwetu. Ukimwambia mtoto kwamba nyekundu itammeza, umemfundisha kuichukia ngozi yake kabla hajafikisha umri wa kuelewa. Mwekee vitambaa viwili shingoni, mpe kioo, mwache aseme anachokiona.

Na nyinyi mafundi wenzangu, msimu wa korosho ukifika na fedha zikaingia, watu watakuja na vitenge walivyovinunua kwa haraka na tarehe za harusi zilizokaribia. Kabla ya kushika mkasi, mtoeni mteja nje kwenye mwanga, mkiweke kitambaa chini ya kidevu chake, na mkiona uso unapauka mwambieni kwa adabu, faraghani, huku mkiwa na kipande kingine mkononi cha kumwonyesha. Mabaki ya vitambaa tunayoyatupa kila jioni yanatosha kabisa kwa kazi hiyo. Mimi huyapanga kwenye makapu mawili, la rangi zenye joto na la rangi zenye ubaridi, na kioo changu nimekihamishia barazani.