Friza na tangi ndizo betri zangu

Mimi huuza barafu nyumbani, huku Kisauni, Mombasa: za ukwaju, za mabungo, na maji baridi kwa watoto wanaotoka shule. Friza mbili, friji ya jikoni, pampu ya kuvuta maji kisimani na feni nne. Kabla ya sola tulikuwa tukila yuniti kumi kwa siku (yuniti ni kilowati-saa moja, yaani wati elfu moja kwa saa nzima). Tokeni za shilingi elfu moja hazikumaliza siku nne, na miezi ya kaskazi, barafu zinapotoka sana, ndipo mita nayo ilipokimbia zaidi. Nilikuwa nikiuza sana na mkononi sioni kitu.

Sola nimeiweka mara mbili. Ya kwanza iliniumiza, na ndiyo inayonifanya niandike, kwa sababu naona majirani wanaingia shimo lile lile.

Fundi wa kwanza alikuja, akatazama paa, akataja bei. Hakuuliza friza ni ngapi wala zafanya kazi saa ngapi. Aliniwekea paneli 2 za wati 300 na betri 2 za asidi, kila moja volti 12, ampea-saa 200, akaniambia usiku nisinunue tena tokeni. Hesabu sikuijua wakati ule, sasa naijua. Betri zile mbili zikijaa hubeba karibu yuniti 4.8. Paneli zile, kwa jua zuri la Mombasa, zatoa kama yuniti 2.5 kwa siku nzima. Kwa hivyo betri hazikujaa hata siku moja, na kila usiku tulizikamua mpaka inveta, kile kifaa kinachogeuza stima ya betri iwe ya kutumika nyumbani, ikalia. Betri ya asidi haitaki kushushwa chini ya nusu kila siku, na haitaki kukaa na njaa. Hazikufika miaka miwili. Pesa zilikuwa za mkopo wa chama chetu cha akiba, na niliendelea kulipa miezi saba baada ya betri kufa. Nilikuwa nikienda kikaoni na uchungu mtupu.

Kabla ya kuthubutu mara ya pili nilichukua daftari. Kila magharibi nilisoma mita nikaandika, na kila alfajiri nikasoma tena. Wiki mbili. Nikaona kwamba zaidi ya nusu ya stima yangu ilikuwa ikiliwa usiku na alfajiri, wakati jua halipo: friza zinavuma, pampu inajaza tangi kabla watu hawajaoga, pasi ya sare za shule saa kumi na moja. Kumbe nilikuwa natafuta betri kubwa ya kubeba kazi ambazo hazikuwa na haja ya kufanywa usiku.

Jua la maana lipo kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi alasiri. Nikajiuliza ni kazi gani naweza kuzihamishia humo, na jibu likanishangaza. Friza ikijaa vitu vilivyoganda, ikafungwa vizuri, haihitaji kuwaka usiku. Nikanunua soketi zenye taima: friza zinawaka saa mbili asubuhi na kuzima saa kumi na mbili jioni. Asubuhi nikifungua, barafu za chini ni mawe, za juu hazijalegea. Siri ni kuijaza; friza tupu hupoteza baridi upesi, kwa hivyo kukiwa hakuna mali mimi hujaza chupa za maji. Friji yenye maziwa, nyama na dawa za mama mkwe sikuigusa, hiyo huwaka usiku kucha, na nawasihi msiifanyie majaribio.

Tangi nalo ni vivyo hivyo. Letu ni la lita 2,000, liko juu. Pampu huwashwa saa tano mchana ikalijaza lote, na maji hushuka yenyewe usiku. Sare za wiki nzima hupigwa pasi Jumapili mchana. Baridi na maji vimehifadhiwa bila betri, na havizeeki kama betri.

Fundi wa pili ndiye aliyenisaidia kupanga hivyo. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Mama, wapiga pasi saa ngapi?" Nikajua huyu anaijua kazi. Aliweka paneli 4 za wati 550, inveta ya kilowati 3 inayochanganya jua na stima ya mtaani, na betri moja ndogo ya lithiamu, kama yuniti 2.5. Hiyo ni ya feni tatu, taa na ruta tu. Feni ya wati 60 ikizunguka saa nane haimalizi hata nusu yuniti, na usiku wa kaskazi bila feni hapana usingizi. Alinikataza jambo moja: nisiwashe pampu na pasi pamoja wakati friza zinaanza. Mota ikianza huvuta stima mara kadhaa ya kawaida yake, na inveta huzima.

Sasa, miezi ya jua, tunanunua kama yuniti tatu kwa siku. Faida ni mbili hapo. Bei ya stima ya nyumbani Kenya ina madaraja: mpaka yuniti 30 kwa mwezi, kutoka 30 hadi 100, na juu ya 100, na anayetumia zaidi hulipa kila yuniti kwa bei ya juu. Tukikaa chini ya 100, hata zile chache tunazonunua zinakuwa rahisi. Mwezi wa Mei, masika ikishika, tunarudi juu ya 100. Atakayekwambia sola itakuondolea bili kabisa mwaka mzima, mwombe akuoneshe mita yake ya Mei.

Paa la pwani lina mambo yake. Sisi tuko kusini kidogo ya ikweta, kama digrii 4, kwa hivyo paneli hutazama kaskazini, na kwetu Mombasa kaskazini ndiko kibla. Huna haja ya dira. Mlalo mdogo unatosha, kiasi cha mvua kuteremsha vumbi. Paneli isilazwe juu ya mabati moja kwa moja. Joto huipunguzia nguvu, na ikifika digrii 60, jambo la kawaida hapa, hupoteza kama asilimia 12 ya wati zilizoandikwa nyuma yake. Acha nafasi ya upepo kupita chini.

Chumvi ya bahari ni adui wa kweli. Boliti za kawaida za kwanza zilikuwa zimekula kutu mpaka tukazikata kwa msumeno. Sisitiza reli za alumini na boliti za stenlesi, uzione kwa macho kabla hazijapanda juu. Halafu kunguru. Wa Mombasa mnawajua: mifupa, mikate, na vinyesi vinavyoganda kwenye kioo. Doa moja kubwa, au kivuli cha mnazi kwenye paneli moja, hushusha zote zilizofungwa mstari mmoja. Mwanangu huziosha asubuhi mapema kabla hazijapata moto, kwa maji ya mvua tuliyokinga. Maji ya kisima chetu yana chumvi, yakikauka huacha ukungu mweupe. Na tazama kiwanja cha jirani upande wa kaskazini: kama ni kitupu, uliza kama atapandisha ghorofa.

Fundi muulize leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati Kenya, na usione haya kuomba kuiona. Muulize pia stima ya mtaani ikipotea itakuwaje. Zipo inveta zisizo na betri ambazo hujizima zenyewe stima ya mtaani inapokatika, hata jua liwe la utosi, ili zisimpige fundi aliyeko kwenye nguzo. Shoga yangu mmoja alidhani ameuziwa mbovu, akalia, kumbe hakuelezwa.

Na kama umepanga nyumba, usitoboe paa la mtu bila makubaliano ya maandishi kwamba paneli ni zako na utaondoka nazo. Anza na daftari na soketi ya taima kwanza. Dada mmoja hapa mtaani, mpangaji, anauza barafu kama mimi. Hana paneli hata moja, lakini ameshaandika mita yake wiki tatu, na fundi anakuja Jumamosi kuongea naye pamoja na mwenye nyumba.