Hotuba Fupi, Ngoma na Watu wa Kukutana Nao: Ushauri kwa Anayetaka Kuhudhuria Mbeya

Matangazo ya siku za hotuba fupi na sanaa yanapoanza kusambaa katika makundi ya WhatsApp ya hapa Mbeya, vijana ninaofahamiana nao huniuliza swali lile lile: je, kuna faida gani kuacha shughuli za Jumamosi nzima na kulipa kiingilio ili kusikiliza watu wakisimulia safari zao? Huwa nawajibu kwamba faida ipo, ila haiko pale wengi wanapoitafuta. Anayekwenda kutafuta maneno ya kutia moyo atayapata, atayaandika daftarini au kuyaweka kwenye simu marafiki wayaone, na ikifika Jumatano yatakuwa yamekwisha kupoa. Anayekwenda na jambo lake mahsusi, akakusudia kukutana na watu wawili watatu wanaolijua jambo hilo kuliko yeye, huyo ndiye anayerudi nyumbani na kitu cha kufanyia kazi.

Inafaa kujua mtindo huu ulikotoka, kwa sababu masharti yake ndiyo yanayoutofautisha na makongamano tuliyoyazoea. Mkutano wa TED, uliowakusanya watu wa teknolojia, burudani na ubunifu, ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1984 huko Monterey, California. Mwaka 2006 hotuba zake zilianza kuwekwa kwenye intaneti bila malipo, na mwaka 2009 ukaanzishwa utaratibu wa TEDx, unaowaruhusu watu wa mji wowote kuomba kibali na kuandaa siku yao wenyewe. Kibali hicho hakiuzwi, lakini kinabana: hotuba isizidi dakika 18, mzungumzaji halipwi, na jukwaa halitumiki kuuza bidhaa, kukipigia debe chama wala kuhubiri dini. Aidha, mwandaaji ambaye hajawahi kuhudhuria mkutano wa TED wenyewe huwekewa kikomo cha wahudhuriaji 100, kwa hiyo ukisikia kwamba nafasi zimekwisha siku chache tu baada ya tangazo, usidhani kuna mtu amezificha kwa ajili ya ndugu zake. Jiandikishe mapema.

Matukio mengi ya namna hii yanayofanyika katika Nyanda za Juu Kusini hayana kibali hicho wala hayakihitaji. Yameazima umbo tu, yaani hotuba fupi zinazopishana na muziki, ngoma au mashairi. Hayo nayo yanaweza kuwa mazuri sana, lakini tofauti utaiona katika nusu saa ya kwanza. Pasipo na mtu wa kusimamia muda, mgeni rasmi hushika kipaza sauti, hutamka kwamba itifaki imezingatiwa, kisha huitaja itifaki yote kuanzia meza kuu hadi mwenyekiti wa mtaa, na mzungumzaji wa kwanza, ambaye amefanya mazoezi kwa wiki kadhaa, huombwa na mshereheshaji afupishe. Ndiyo maana nashauri uiombe ratiba kabla ya kulipa. Ukiona salamu za viongozi zimetengewa muda mrefu kuliko wazungumzaji, fedha yako itakuwa salama zaidi mfukoni.

Mfano ninaoutumia ninapowaeleza vijana kwamba watu ndio faida yenyewe ni wa kijana wa jirani zetu. Mwezi Juni 2007 TED ilifanya mkutano wake Arusha, na miongoni mwa waliopandishwa jukwaani alikuwamo William Kamkwamba wa Malawi, nchi ambayo kwa mtu wa Kyela ni ng'ambo tu ya daraja la Mto Songwe pale Kasumulu. Alikuwa ameacha sekondari kwa kukosa ada wakati wa njaa ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha akasoma vitabu vya maktaba na kujenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme nyumbani kwao, kwa kutumia sehemu za baiskeli na vyuma chakavu. Pale Arusha alisema kwa dakika chache mno, kwa Kiingereza cha kujikakamua, na mtu anayepima hotuba kwa ufasaha wake asingeona la ajabu. Hata hivyo, ukumbini walikuwamo watu waliomfuata baadaye, wakamsaidia kurudi masomoni, na mwaka 2014 akahitimu katika Chuo cha Dartmouth nchini Marekani. Yaliyofuata baada ya kushuka jukwaani yalimsogeza mbali kuliko yale aliyoyasema akiwa juu yake.

Si kila mtu atakutana na mfadhili, wala sishauri mtu aende akimwinda mfadhili. Wazungumzaji wengi hukimbia mlango wa nyuma kwa sababu ya watu wanaowaomba mtaji kabla hata hawajawasalimia. Ninachoshauri ni kwenda na swali moja la kweli, linalotokana na kazi yako, na uwe umelifikiria tangu nyumbani. Swali la "nifanyeje ili nifanikiwe" halina jibu. Swali la mtu ambaye miche yake ya parachichi inakauka wiki ya tatu baada ya kubebeshwa, yaani kuungwa na kijitawi cha mti mwingine, lina jibu, na katika mkoa ambao Rungwe nzima inazungumza parachichi, mwenye jibu huenda amekaa safu ya pili.

Hilo la miche nimelishuhudia. Katika mojawapo ya siku hizo alipanda mama mmoja mwenye kitalu, akiwa amebeba kikapu badala ya slaidi. Alitoa mche uliooteshwa kwa kokwa, akaukata kichwa, akapasua shina kwa kisu chembamba, akachonga kikonyo, yaani kijitawi cha parachichi aina ya Hass, pande zote mbili hadi kikawa na ncha, akakichomeka ndani ya ule mpasuko na kuufunga kwa utepe wa nailoni, akizungusha kutoka chini kwenda juu. Wakati mikono ikifanya kazi hiyo alikuwa akieleza kwa nini mti wa kokwa hauwezi kuaminika kuzaa tunda kama la mama yake, na kwa nini mche uliobebeshwa huanza kuzaa miaka mingi mapema. Watu walipiga makofi, wengi wakampiga picha. Kijana mmoja, ambaye nilikuwa nimeketi karibu naye, hakupiga picha. Alisubiri mapumziko, akamfuata alipokuwa akipanga visu vyake.

"Shikamoo mama. Mimi vikonyo vyangu vinasinyaa kabla havijashika. Huwa navikata asubuhi, navibebesha jioni."

"Marahaba mwanangu. Unavihifadhi wapi mchana kutwa?"

"Kwenye mfuko, naufunga nyuma ya pikipiki."

Mama alicheka, akamweleza habari ya gazeti lililoloweshwa, kivuli na kukata majani mara tu kikonyo kinapotoka mtini, kisha akamwambia aje kitaluni Jumanne na kisu chake mwenyewe. Mazungumzo hayo hayakumaliza hata chai ya mtu. Angalia jinsi kijana alivyoyaendesha: alisalimia, akasema tatizo lake kwa sentensi mbili, akanyamaza. Hakusimulia historia ya familia yake wala hakuanza kwa kuomba namba ya simu, namba alipewa.

Kwa sababu hiyo mapumziko ndiyo kipindi cha thamani kubwa kuliko vyote, na ni makosa kuyatumia yote kwenye foleni ya sambusa. Kunywa chai nzito nyumbani kabla hujatoka. Fika mapema, kwa kuwa wazungumzaji hufika mapema kujaribu vipaza sauti na wakati huo hawajazungukwa na mtu, kisha ukae pembeni mwa safu ili uweze kutoka bila kuwakanyaga watu. Ukienda na rafiki, msikae pamoja. Najua ushauri huu haupendwi, lakini marafiki wanaokaa pamoja huzungumza wao kwa wao siku nzima.

Sehemu ya sanaa inahitaji neno la peke yake, maana ndiyo watu wanayoitumia kujibu ujumbe kwenye simu. Waandaaji wengi huiweka ngoma katikati ya hotuba kana kwamba ni kipindi cha kupumzisha masikio, na wahudhuriaji huichukulia hivyo hivyo. Ukikutana na kikundi cha ing'oma cha Wanyakyusa, nenda nyuma ya ukumbi kabla hakijaingia. Mwezi Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imeingia hadi kwenye mifupa, utawakuta wapigaji wameziinamisha ngoma zao kuelekea kijimoto cha maboksi na magunzi, kwa kuwa unyevunyevu hulegeza ngozi, na kila baada ya muda mmoja wao hugonga kwa vidole, husikiliza, kisha huirudisha motoni. Wazee hao wanajua namna ya kuongoza kundi kubwa la watu kwa ishara ya bega tu, na kwa maoni yangu somo hilo la uongozi linazidi hotuba nyingi zenye jina hilo. Tena wanafurahi kuulizwa, kwa sababu hakuna anayewauliza. Hali ni hiyo hiyo kwa vijana wanaoghani mashairi: muulize mshairi aliwezaje kulisukuma wazo lake ndani ya mizani 16 za kila mshororo, naye atakueleza zaidi kuhusu nidhamu ya kazi kuliko ulivyotarajia.

Kuhusu maandalizi ya kawaida sina mengi. Vaa koti, hasa kati ya Juni na Agosti, kwa kuwa kumbi nyingi ni kubwa na milango hubaki wazi. Anayetoka Tukuyu, Kyela au Mbozi apange usafiri wa kurudi kabla ya kuondoka nyumbani, kwa sababu ratiba ikisogea kwa saa mbili, jambo ambalo hutokea, atajikuta anaacha mazungumzo bora ya siku akikimbilia gari la mwisho.

Baada ya hapo kinachobaki ni kufuatilia, na hapa siku mbili za kwanza ndizo muhimu. Mwandikie uliyezungumza naye ujumbe mfupi wenye jina lako, mahali mlipokutana na lile jambo mlilolizungumza, ukiongeza hatua moja uliyokwisha kuichukua: "nimeanza kuvifunga kwenye gazeti lenye maji kama ulivyonielekeza". Ujumbe wa namna hiyo hujibiwa. Ujumbe wa "asante kwa kunitia moyo" hupata alama ya kidole gumba, basi.

Ukiona siku yenyewe ilikufaa, wafuate waandaaji na uwatajie mtu mmoja wa kijijini au mtaani kwenu anayestahili kusimama pale safari ijayo, ukieleza anafanya nini na kwa nini watu wengine wamsikie. Waandaaji wengi wanaishi mjini na huwaita watu wanaowafahamu wao, ndiyo maana majukwaa haya hujaa wahadhiri na wajasiriamali wa mjini wakati fundi anayetengeneza mashine za kukoboa kahawa kule Mbozi hajulikani kwa yeyote. Wazungumzaji huanza kutafutwa miezi mingi kabla, kwa hiyo jina ulitoe siku hiyo hiyo, na umwambie mwenyewe kwamba umemtaja, asije akashtuka akipigiwa simu.