Pampu ikigoma ikiwa moto, ipime ikiwa moto

Huku kwetu Busia, upande wa Uganda, mvua ikikatika Desemba nyanya hutegemea pampu. Yangu ni ya petroli, injini ndogo ya kuvuta kamba, na kuna msimu ilinitoa machozi. Asubuhi iliwaka kwa mvuto wa kwanza, ikanyonya maji ya Mto Malaba saa nzima bila kukohoa. Nikiizima ili nijaze petroli, basi tena. Navuta kamba mpaka bega linauma. Ikishapoa dakika kama 40, inawaka mara moja.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Mama, kabureta imekufa." Nikanunua kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Baadaye plagi, ile inayotoa cheche. Tatizo likabaki palepale, na matuta mawili yakapukutisha maua. Kumbe kila mara injini ilimfikia fundi ikiwa imeshapoa juu ya bodaboda. Injini iliyopoa haina ugonjwa wa kumwonyesha mtu.

Kwa hiyo nakuomba, nenda shambani na spana ya plagi na plagi ya pili iliyo nzima. Ikigoma, ipime hapohapo kabla joto halijaondoka.

Legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikifyonzwa ndani, na injini ikawaka, tundu la kifuniko limeziba na petroli ilikuwa haishuki. Lisafishe tu. Chok nayo, kile kibati kinachozuia hewa kuingia kwenye kabureta, usiifunge injini ikiwa moto, maana petroli itafurika. Ikishafurika, acha chok wazi, fungua akseleta yote, vuta mara kadhaa.

Halafu cheche. Funga tangi vizuri, acha plagi ya zamani kwenye tundu lake ili mvuke wa petroli usitoke ukashika moto, kisha vesha kofia ya waya kwenye ile plagi ya pili. Chuma chake kiguse bodi ya injini, mbali na tangi, mtu avute kamba. Cheche ya bluu yenye mlio ni nzuri. Ikikosekana wakati wa joto na kurudi injini ikipoa, shuku koili, kifaa kinachotengeneza umeme wa cheche: waya mwembamba ndani yake huweza kuachana ukipata joto. Kabla ya kununua nyingine, chomoa waya wa swichi ya kuzimia upime tena, kwani waya uliochunika ukigusa bodi huua cheche vilevile.

Yangu ilikuwa na cheche nzuri. Fundi mwingine, mzee wa makamo, alikubali kuja hadi mtoni. Hakufungua kitu. "Mama, vuta polepole. Unasikia uzito?" Kamba ilikuja nyepesi mkononi, ilhali asubuhi ileile ilikuwa nzito kuvuta. Kompresheni, yaani ule mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ilikuwa imetoroka.

Akanieleza kwamba kiti cha valvu ya kutolea moshi, yaani pale kilango cha moshi kinapokalia, kikilika, valvu huzama ndani na nafasi ya tapeti, ule mwanya kati ya shina la valvu na mkono unaoisukuma, hupungua. Joto likirefusha shina la valvu, nafasi huisha kabisa na valvu haifungi vizuri. Ikipoa, shina hunywea, injini huwaka.

Tuliiacha ipoe kabisa. Alipandisha pistoni juu, valvu zote mbili zikiwa zimefungwa, akaingiza fila, vile vijani vya chuma vya kupimia, kwenye mwanya huo. Upande wa moshi hata jani jembamba kuliko yote halikupita. Kwa Honda GX160 za toleo la zamani, kipimo ni milimita 0.15 upande wa kuingiza na 0.20 upande wa moshi. Injini yako ikiwa ya aina au toleo jingine, tafuta kipimo chake katika kitabu chake, usikisie. Yangu ilirekebishwa kwa spana na fila, bila kununua kipuri hata kimoja. Aliondoa pia majani makavu yaliyoziba mapezi ya silinda, yale mabati yanayotoa joto nje, kwa sababu injini isiyopumua hewa huchemka kupita kiasi.

Tukaiwasha, ikamwagilia saa nzima. Akaizima ingali moto, akanikabidhi kamba. Iliwaka kwa mvuto wa pili. Sasa kila Novemba namwita aje na fila yake kabla sijapanda.